Mkono wa Kushoto wa Kwandu

Jumapili, 1 Juni 2025

Naanza leo. Daftari hili lilikuwa la Jiografia, kurasa za mwanzo nimezichana. Mwalimu wetu wa Kiswahili alisema anayeandika shajara asijidanganye, kwa sababu humo ndani hamna mtu mwingine wa kumdanganya. Basi naahidi kuandika yote. Ya furaha na ya aibu, hata yale ninayoyaruka kwenye kitubio.

Mimi ni Salu Maduhu, Kidato cha Pili, Nkoma. Lakini nataka kuandika habari za mdogo wangu Kwandu.

Kwandu alitimiza miaka sita mwezi wa tatu. Alipozaliwa alichelewa kulia — ndivyo Mama anavyosema, na haendelei zaidi ya hapo. Mkono wake wa kulia umejikunja kifuani kama mtu aliyeficha kifaranga. Mguu wa kulia anauburuta. Maneno anayo machache. Mimi ananiita "Sa". Akicheka, anacheka kuliko sisi wote nyumbani. Hajawahi kukaa darasani hata siku moja.

Leo baada ya misa alikuwepo Mwalimu Kasmiri, amekuja kumsalimia Padri. Anafundisha watoto wenye mahitaji maalumu katika shule moja ya msingi pale Bariadi mjini. Wana bweni! Alimwona Kwandu mgongoni kwa Bibi akauliza umri. Bibi alijibu kwa Kisukuma, mimi nikatafsiri.

"Miaka sita na bado yuko mgongoni?" akasema Mwalimu. Hakusema kwa ubaya.

Anazo nafasi nne za Januari. Masharti mawili. Mtoto awe anafikisha chakula mdomoni mwenyewe, maana mlezi wa bweni ni mmoja tu. Na aletewe karatasi ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo, inayoeleza mtoto anaweza nini. Mwisho wa kupokea ni tarehe 30 Septemba.

Mama akauliza hiyo tiba kwa vitendo ndiyo nini. Mwalimu akasema ni wale wanaomfundisha mtu kula, kuvaa, kuoga, kucheza, kwa mwili alio nao.

Kwa mwili alio nao. Njia nzima nilikuwa nayarudia maneno hayo.

Kuna jambo moja sijaliandika. Nimeahidi nitaandika. Si leo.


Ijumaa, 6 Juni

Shule imefungwa. Kabla ya kurudi nyumbani nilipita zahanati na sare yangu, nikaona sare itanisaidia. Nesi alikuwa anachanja watoto. Nikamwuliza wapi napata mtaalamu wa tiba kwa vitendo.

"Mazoezi?"

Nikamwambia si mazoezi tu.

"Mwanza huko," akasema, na kumchoma mtoto sindano. "Huku mtazunguka bure."

Mwanza! Pamba yote iko shambani na Baba hawezi kuondoka. Nilimshukuru. Nilifika nyumbani nikamwambia Mama kwamba nesi anaulizia. Si kweli. Sikutaka kuona uso wake.


Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda na Mama kwa Afisa Ustawi, Bwana Shigela. Tulimsubiri tangu saa mbili mpaka saa sita. Alipofika alifungua daftari kubwa la watoto wenye ulemavu wa kata yetu akatafuta jina. Halimo.

"Mtoto wenu hayupo," akasema.

Mama akamwelekeza kwa kidole. Kwandu alikuwa sakafuni, anacheka na kiatu cha Afisa.

"Kwenye daftari, mama. Kwenye daftari hayupo."

Kumbe mwaka juzi walipopita kuandikisha, Baba aliwaambia mtoto anaumwa tu, atapona. Mama aliyasema haya akiangalia ukuta. Bwana Shigela hakumgombeza. Alichukua kalamu akaandika: KWANDU MADUHU, KE, 6. Nilisoma maandishi yakiwa kichwa chini. Kitu cha ajabu, nilitaka kulia — ni jina tu!

Kisha akapiga simu tatu. Ya kwanza haikupokelewa. Ya pili alibishana na mtu kuhusu mafuta ya pikipiki. Ya tatu akasema, "Ee... ee... kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi? Hapo hapo Bariadi?"

Anakuja! Yupo mtaalamu anayekuja Bariadi, siku moja kwa mwezi, kwenye chumba kimoja karibu na kanisa. Tumezunguka miaka sita, na mtu huyo yuko mwendo wa asubuhi moja.


Jumapili, 15 Juni

Pamba. Mgongo. Vidole vimechanika. Kwandu anakaa kwenye lundo, jeupe lote, kichwa chake tu kinaonekana. Leo alichukua kitumba kimoja kwa mkono wa kushoto na kuchomoa pamba yake polepole, hadi kikabaki ganda. Niliyeona ni mimi peke yangu. Nikaangalia pembeni kama aliyefumania kitu.


Alhamisi, 26 Juni

Kesho! Mama ana zamu ya kupeleka pamba kwenye mizani, kwa hiyo nitakwenda na Bibi. Bibi amefua kitenge chake cha Pasaka. Anasema daktari akimwona ni mchafu atasema ndiyo maana mtoto yuko hivi.


Jumamosi, 28 Juni

Nina mengi. Niyapange.

Tulifika saa mbili asubuhi. Kuna mkeka, kioo kimewekwa chini ukutani kwa kimo cha mtoto, ndoo ya vizibo vya soda, viti vidogo vilivyokatwa miguu. Akina mama kumi na moja mbele yetu. Mmoja kutoka Lalago alikuja tangu juzi.

Mtaalamu anaitwa Dada Goodness. Mfupi, hana viatu, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Alimsalimia Bibi kwa Kisukuma, kwa heshima zote: "Mwadila, mayu!"

Saa nne asubuhi! Hiyo ni salamu ya mchana. Bibi aliziba mdomo kwa kitenge. "Mwambie binti jua lake limemkimbia," akaniambia. Nikatafsiri. Dada Goodness alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo Bibi akampenda.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kumwonyesha mkono wa kulia, kama unavyomwonyesha daktari kidonda. Hakuutazama. Aliweka kikombe cha karanga mbele ya Kwandu, akarudi nyuma, akangoja.

Kwandu akamwangalia Bibi. Akaniangalia mimi. Halafu akafanya lile ambalo hufanya kila chakula kinapokuja. Aliuchukua mkono wake wa kushoto na kuuweka chini ya paja. Akaukalia.

Dada Goodness aliuliza, "Kwa nini anaukalia mkono mzima?"

Akautoa taratibu, akaugeuza. Kwenye kifundo kuna mstari, ngozi imekuwa ngumu kidogo pale, nyeusi zaidi. Akaupitishia kidole.

"Huu unafungwa," akasema. "Nani anaufunga?"

Bibi akaniuliza kwa Kisukuma, "Anasemaje?"

Nikamwambia Bibi, "Anasema mkono ni mzuri."

Nikamwambia Dada Goodness, "Mimi."

Sasa niandike lile jambo. Tangu Kwandu ana miaka mitatu, kila tunapokula, Bibi humfunga mkono wa kushoto kiunoni kwa ukanda wa kitenge. Mkono wa kushoto hauingii kwenye sahani. Watoto wote nyumbani kwetu wamefundishwa hivyo. Bibi alifikiri wa kushoto ukifungwa, wa kulia utalazimika kuamka. Haukuamka. Basi tukawa tunamlisha. Bibi akiwa hayupo, ninayefunga ni mimi. Nafunga vizuri kuliko yeye. Fundo langu Kwandu hawezi kulifungua, na nilishasifiwa kwa hilo. Mara nyingine alilia, nikamwambia anyamaze, ni kwa faida yake.

Hilo ndilo.

Dada Goodness hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema, "Mdogo wangu, mtoto huyu ana mkono mmoja wa kuanzia kazi, nao mmeufungia ndani." Kisha akasema mkono wa kushoto uwe fundi. Wa kulia utafundishwa kuwa saidia fundi: kushika bakuli lisitembee, kukandamiza kitu. Hautakuwa fundi, asinidanganye mtu. Lakini saidia fundi anaweza.

Aliyonielekeza: Asifungwe tena kamwe. Chakula kiwe upande wa kushoto. Mpini wa kijiko unenepeshwe kwa mpira wa tairi la baiskeli, ili vidole vipate pa kushika. Nisimsaidie haraka, nihesabu kwanza mpaka ishirini. Na achambue kitu kidogo kidogo kwa vidole kila siku, nami niandike anayofanya.

"Pamba mnayo nyumbani?" akauliza.

Pamba! Nkoma, mwezi wa sita! Hata yeye akagundua, tukacheka wote, na Bibi akacheka bila kujua tunacheka nini.

Kwandu alijaribu karanga. Ikaanguka. Ikaanguka. Mimi mkono wangu ulikuwa unajiendea wenyewe kwenda kumsaidia, Dada Goodness akaushika bila kuniangalia. Alimwacha akashindwa mara saba. Sijawahi kumwona mtu mzima anavumilia hivyo. Ya nane iliingia mdomoni. Kwandu alitafuna huku ametukodolea macho, kama anauliza kama tutamchapa.

Nikaomba karatasi. Hakuandika. "Nikiandika leo nitaandika alichokatazwa, si anachoweza. Njooni Ijumaa ya mwisho ya Julai. Nitaandika siku hiyo."

Wakati Bibi anambeba Kwandu, nilimwuliza amesomea wapi kazi hii. Moshi, akasema. "Fizikia, Kemia, Baiolojia, usizikimbie." Mimi Fizikia nina D. Sikumwambia.

Njiani Bibi aliuliza tena binti alisema nini kuhusu mkono. Nikajifanya nimesinzia.


Jumatano, 2 Julai

Imetokea.

Mchana Mama alikuwa shambani. Nilimwekea Kwandu ugali na mlenda upande wa kushoto. Bibi akaja na ukanda wake, kama siku zote, akapiga magoti kumfunga. Kwandu hakubisha. Aliutoa mkono mwenyewe ili afungwe! Sikuweza. Nikasema, "Bibi, yaya." Hapana. Sijawahi kumwambia Bibi yaya.

Akasema mtoto wa kike akila kwa kushoto wageni watasema hakufunzwa na wenye nyumba. Akasema mimi shule imenipanda kichwani.

Nikamwambia. Yote. Mkono mmoja wa kuanzia kazi, tumeufungia ndani. Nilimwambia pia kwamba niliulizwa nani anafunga nikasema mimi.

Aliutazama ukanda mkononi mwake. Nzi walitua kwenye ugali.

"Kwa nini hukuniambia kule kule?"

"Nilikuonea haya, Bibi."

"Ulinionea haya, au ulinionea huruma?"

Nikawafukuza nzi. Aliukunja ule ukanda, akautia kwenye fundo la kitenge chake, akaenda kuchota maji. Maji yalikuwepo.


Alhamisi, 3 Julai

Bibi hasemi nami. Hajamfunga pia. Kwandu amekula kwa mkono, nusu chini, nusu kuku wamekula.


Jumamosi, 5 Julai

Baba alinipa kipande cha mpira wa baiskeli juzi, nikakizungusha kwenye kijiko. Kinateleza, kinanuka, na Kwandu anakitafuna badala ya kula.

Leo asubuhi nimekuta kijiko juu ya kinu. Mpira haupo. Mpini umezungushiwa kitambaa, kimekazwa, kikashonwa kwa uzi wa gunia kwa mishono midogo midogo. Kitambaa nakijua. Nimekifunga mara nyingi.

Bibi alikuwa anapepeta choroko. "Mpira unanuka," akasema. Basi.

Kwandu alikishika. Kilimkaa!


Jumatatu, 7 Julai

Kesho shule. Lakini leo ilikuwa siku ya Shangazi Shida.

Shangazi Shida ni dada yake Baba, ameolewa Lalago. Ulimi wake unajulikana wilaya mbili. Alikuja na dagaa na habari za kila mtu. Tulipokaa wanawake kula, Kwandu akaingiza kijiko chake kwa mkono wa kushoto.

"Eh! Eh! Huyu anakula kwa mkono gani mbele yangu?"

Mama akainama. Mimi nikaanza kueleza, mtaalamu amesema, Bariadi wamesema —

"Bariadi wamesema! Huko Bariadi wanakulia miguu?"

Bibi akasema, bila kuinua macho, "Shida, umekuja kula au kukagua mikono?"

"Mama!" akamgeukia Bibi. "Mimi hapa, mimi mwenyewe, ulinichapa vidoleni kwa kijiti kwa mkono huo huo! Nilikula nikilia mwaka mzima. Leo huyu anaachwa?"

Sikujua kama Shangazi alizaliwa wa mkono wa kushoto. Hakuna aliyewahi kusema.

"Nilikuchapa," akasema Bibi. "Wewe ulikuwa na miwili."

Sauti ilikuwa ya kijiko tu, kinagonga bakuli, kinakosa, kinagonga. Shangazi aliangalia muda mrefu mikono yake yote miwili, kisha akachukua bakuli la dagaa akalisogeza. Upande wa kushoto wa Kwandu.

Wakati wa kuondoka alinivuta sikio. "Na wewe Bariadi, soma." Sasa wote wananiita Bariadi.


Jumapili, 20 Julai

Naandika anayofanya, kama nilivyoagizwa.

Kijiko: anafikisha mdomoni mara sita kati ya kumi, chakula kikiwa kizito. Uji bado. Kuchambua pamba: vitumba kumi na viwili kabla hajachoka, Bibi anakaa naye na yake, wanashindana. Bibi anashindwa makusudi, naye Kwandu anajua, anakasirika. Anausogeza mwenyewe mkono wa kushoto kwenye chakula, haukalii tena. Mkono wa kulia: bado kifuani. Namkumbusha "saidia fundi!", naushusha kwa mkono wangu kwenye ukingo wa bakuli kama Dada Goodness alivyonionyesha. Nikiachia unarudi.

Siku tano zimebaki. Usiku naota kile chumba. Naona kioo, na Kwandu anajiona humo.


Ijumaa, 25 Julai

Mlango ulikuwa umefungwa.

Mwalimu wa darasa alinipa ruhusa. Safari hii tulikwenda na Mama. Saa mbili kamili tulikuwa pale. Hapakuwa na viatu nje. Tulifikiri tumewahi. Wakaja akina mama wengine watatu, yule wa Lalago mmoja wao, tukasalimiana, tukafurahi kuonana. Saa nne. Saa tano. Kwandu alichoka kukaa, akatoa kijiko chake kwenye mfuko wa Mama, akajiburuta mpaka mlangoni, akagonga. Kwa kushoto. Ko, ko, ko. Akasubiri. Akagonga tena.

Mama anayefagia uwanja ndiye aliyetuambia. Mradi umefika mwisho. Dada Goodness amehamia Dodoma tangu wiki ya pili ya mwezi. Hakuna aliyejua nambari za simu zetu ili atuambie. Yeye mwenyewe alifikiri tumeambiwa.

Je, atakuja mwingine? Hajui. Labda.

Yule mama wa Lalago aliketi chini palepale. Ana kijana wa miaka kumi, anambeba. Alisema, "Alikuwa ameanza kushika kikombe." Akarudia mara mbili.

Nilichungulia dirishani. Ndoo ya vizibo ipo. Kioo kipo.

Mama mfagiaji alinipa nambari ya simu ya Dada Goodness, ilikuwa imeandikwa kwa penseli nyuma ya mlango wa stoo.

Tukapitia kwa Mwalimu Kasmiri. Alitoka darasani na chaki mkononi. Mama alimpa Kwandu michembe, viazi vitamu vikavu vilivyochemshwa, na kijiko, mezani kwa Mwalimu. Akala. Vipande viwili tu vilianguka. Mwalimu aliangalia kwa makini kabisa, akatabasamu. Nikafikiri imekwisha, nikafikiri tumepata!

"Mimi nimeona," akasema. "Lakini macho yangu hayana muhuri. Kamati inataka karatasi."

Tarehe 30 Septemba. Alisema ataiacha nafasi moja wazi mpaka siku hiyo, zaidi ya hapo hawezi.

Kwandu alilala na kijiko.


Jumapili, 27 Julai

Mtandao unapatikana juu ya kichuguu, nyuma ya zizi. Nimetumia simu ya Mama. Nilimwandikia Dada Goodness kwa adabu, nikijitambulisha, kwamba mimi ni dada wa yule mtoto aliyekalia mkono.

Alijibu! Baada ya saa moja. "Nawakumbuka sana. Mnisamehe, mdogo wangu, mambo yalikwenda haraka. Nipo Dodoma. Nitakupigia."

Nimeisoma mara nyingi. Nawakumbuka sana. Nikamsomea Bibi. Bibi akauliza, huko Dodoma wanamsalimiaje asubuhi?


Jumatano, 30 Julai

Hajapiga.

Mama ananiachia simu nikitoka shule, nakaa nayo kwenye kichuguu mpaka ng'ombe warudi. Simpigii. Nadhani huko ana foleni ya akina mama wengine, na kila mmoja ana mtoto. Sina haki ya kumkasirikia. Nimemkasirikia.

Mwalimu wa Fizikia amenishangaa. Nimemwomba maswali ya ziada.


Ijumaa, 1 Agosti

Bwana Shigela anasema ameandika barua kuomba mtaalamu. Nikamwuliza barua itachukua muda gani. Akasema, "Binti, barua hutembea kwa miguu."

Hajapiga.

Nawaza. Mtu akishakufungulia mlango, halafu akaondoka, ni afadhali au ni vibaya zaidi ya kama usingejua kuna mlango? Yule mama wa Lalago angejibu nini? Ningetamani chumba kile kiwe hapa Nkoma. Si kikubwa. Mkeka, kioo, ndoo. Na mtu asiyehama.


Jumamosi, 2 Agosti

Naandika nikiwa juu ya kichuguu, daftari kwenye goti. Mwandiko utakuwa mbaya.

Asubuhi hii Bibi alimpa Kwandu maziwa ya mgando kwenye bakuli la bati. Bakuli lile jepesi, huteleza, siku zote mimi ndiye nalishika. Nilikuwa nimelishika. Mara mbuzi akaingia kwenye pamba, nikaruka kumfukuza, nikaliacha. Nilikuwa mbali nilipokumbuka. Nikasema basi, maziwa yote yako chini.

Niligeuka.

Mkono wake wa kulia, yule kifaranga aliyemficha kifuani miaka sita, ulikuwa unashuka. Hakuna aliyeushika. Ulishuka kidogo, ukasimama, ukashuka tena, ukiwa umekunja ngumi. Ukatua kwenye ukingo wa bakuli. Ukakandamiza. Na kushoto kikaingia kijiko.

Bakuli halikutembea.

Bibi alikuwa ameweka kiganja mdomoni, hathubutu kupumua. Kwandu alikunywa vijiko vinne hivyo. Vinne! Fundi na saidia fundi. Kidevu chote cheupe. Mimi nikapiga magoti nikamfuta kidevu, kama ninavyomfuta siku zote, na yeye akanisukuma kwa kijiko.

"Yaya!"

Hajawahi kusema hapana kwa kitu chochote maishani mwake. Hata alipokuwa anafungwa.

Nilichukua simu nikakimbia huku. Njia nzima nilijua nitaandika nini: karatasi. Dada, tafadhali, tuma karatasi, hata kwa basi, mwandikie Mwalimu Kasmiri, mpigie, nafasi ni moja, tarehe 30 Septemba. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Jumatano.

Halafu nikasimama hapa na kuangalia chini. Ninamwona vizuri. Bado ameshika bakuli. Maziwa yameshakwisha, ameshika tu, mikono yote miwili, anatuangalia, Bibi, halafu mimi huku juu, halafu Bibi. Anasubiri tumwambie. Bibi anasubiri mimi. Mama amesimama mlangoni na ungo, anasubiri mimi. Na mimi sijui. Aliyetuonyesha aliishia hapo.

Simu ina mstari mmoja wa chaji. Yale ya karatasi nimeyaacha; nimetuma haya sasa hivi, na nanakili hapa neno kwa neno, ili nisije nikasema niliuliza jingine:

"Dada Goodness, ni Salu wa Nkoma. Leo Kwandu ameshika bakuli kwa mkono wa kulia, mwenyewe. Bado amelishika. Tafadhali nijibu sasa hivi kabla simu haijazima: hatua inayofuata ni ipi?"